Mwaka wa Kushoto na Kulia

Wanawake wawili niliowakuta jikoni kwenye msiba wa Subilaga hawakunijua, ndiyo maana walizungumza. Walikuwa wakipepeta mchele nyuma ya nyumba ya mjomba wake, pale Bujonde, nami nilikuwa nimeinama kwenye mafiga ya jirani nikichochea ndizi, moshi ukinipa sababu ya kutoa machozi bila kuulizwa. Mmoja akasema, "Huyu si ndiye yule Ng'ambo?" Mwenzake akajibu, "Ndiye. Aliyepeleka boti Malawi, mama yake akifa huku." Wa kwanza akaguna, akarusha ungo, makapi yakapaa. "Basi Mungu amlaze. Lakini mama yako akifa mikononi mwako hivyo, hakuachi." Kisha wakahamia habari za chumvi, kwamba imetosha au haijatosha.

Nilitaka kusimama niseme, nikaendelea kuchochea. Mimi ni mtu wa maneno machache na shule yangu iliishia kidato cha nne. Kwenye msiba wa ukoo wa watu, nani angenisikiliza? Lakini nilikuwepo. Mwaka ule nilikaa kiti cha pembeni yake, na hedifoni zetu zilichomekwa kwenye kompyuta moja. Alichokisikia Subilaga nilikisikia. Watu waliosikia sauti ile tulikuwa chumba kimoja tu, na wengine wote sasa wametawanyika na mambo yao. Kwa hiyo naandika mimi.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya duka la Bi. Zuhura, Kyela mjini. Mbele aliuza vitenge, mafuta ya kula na sabuni za vipande. Nyuma, uani, wanunuzi wa kakao waliomba nafasi ya kuanika, na mwaka ule wote umebaki puani mwangu kama harufu ya kakao inayochacha juani. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu iliyopigwa nta mpaka ukaogopa kutembea. Palikuwa na meza ndefu yenye kompyuta, na meza ndogo katikati ya chumba iliyogawanywa na pazia la maua lililotundikwa kwenye kamba. Siku hizi kila mtu anasema akili mnemba kama anavyosema unga. Sisi tulisema mashine tu, na kwenye ile meza ndogo ndiko tulikoifundisha jinsi watu wa huku wanavyoelekezana njia. Wenye mradi walikuwa mbali, hatukuwaona. Tulimjua Kelvin, msimamizi wetu, kijana aliyesoma sana, mgeni wa sehemu hizi, mwenye viatu vyeupe ambavyo matope ya Kyela yalivichukia tangu siku ya kwanza. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linalonipa taabu ya kueleza.

Kazi ilikuwa kama mchezo wa watoto. Mmoja alikaa upande huu wa pazia, mbele yake pana chupa, kikombe, kijiti kilichosimikwa kwenye tonge la udongo kiwe mti, na ng'ombe wa plastiki. Mwenzake alikaa upande wa pili na vitu vilevile, vimelala ovyo. Wa kwanza alieleza vyake vimekaaje, wa pili akapanga vyake kwa kusikia, na maneno yote yakarekodiwa. "Mashine hii haitapima," Kelvin alituambia siku ya kwanza, mikono ikienda kasi kama mtu anayekanda unga. "Nani kwenu anamwelekeza mgeni kwa mita? Mnasema kabla ya, ukipita, kati ya, kushoto kwa. Basi nayo itafikiri hivyo hivyo. Ukiiambia kanisa liko kabla ya nyumba, na nyumba iko kabla ya mto, itajua kwamba kanisa liko kabla ya mto. Hujaiambia hilo. Imeunga yenyewe." Lengo lilikuwa jema. Mgonjwa apige simu, aeleze kwa maneno yake anapokaa, kwa sababu nyumba zetu hazina namba wala mitaa. Mashine imwelekeze mwenye pikipiki, na wakati wa mafuriko imwelekeze mwenye boti. Nakumbuka nilivyofurahi. Shuleni maisha yangu yote niliulizwa ninachokumbuka. Hapa kwa mara ya kwanza mtu aliniuliza ninavyoona.

Siku hiyo hiyo aliandika ubaoni, kwa herufi kubwa: VITU VISIVYOHAMA. Akasema mashine inahitaji vitu vya kushikilia, vitu ambavyo vingine vyote vitaelezwa kwavyo. Tukataja. Milima. Ziwa. Kanisa. Barabara ya lami. Mtu akasema, "Mto," na Kelvin akaandika mto, na sisi sote tukatikisa vichwa. Nimefikiri mara nyingi juu ya vichwa vile. Tulikuwa watoto wa bonde. Hapakuwa na mmoja wetu ambaye hakusikia tangu utotoni kwamba Songwe, mto wetu wa mpaka na Malawi, huhama. Kwamba mtu alilala shamba lake likiwa huku akaamka likiwa kule, na kule ni nchi nyingine. Tunasema "mto umehama" kama tunavyosema jirani amehama, kisha tunaendelea kuelekezana kwa mto huo huo, kwa sababu kila mtu anajua mwaka huu uko wapi. Jambo ambalo kila mtu analijua halina wa kulisema. Kelvin angeuliza, tungemwambia. Hakuuliza, nasi hatukuona kwamba pana kitu cha kusema. Mashine ikauchukua mto kama ulivyokuwa siku ile, ikauweka.

Subilaga alikuja na kanga ya mama yake mabegani, akakaa kwenye pazia kwa zamu yake, akasema kwa sauti ya taratibu, "Ng'ombe msogeze upande wa ziwa kidogo. Hapo. Sasa kikombe kiweke kwa milimani, chupa ibaki." Upande wa pili alikuwa Gwakisa, kijana wa Ikolo, mcheshi, mwenye sauti ya mtangazaji. Gwakisa alivipanga vyote bila kosa. Nasema hili kwa mkazo kwa sababu baadaye lilisahauliwa: tulimwelewa. Sote tumekua tukisema hivyo majumbani, hata mezani, hata kitandani, sogea upande wa ziwa nami nilale. Lakini Kelvin alifunua pazia akauliza, "Ziwa liko wapi kwenye meza hii?"

"Mezani halipo," Subilaga akasema. "Liko kule." Akaonyesha ukuta wenye kalenda.

"Mashine haioni kule. Sema kulia kwa chupa."

Akaitazama chupa. Akaizunguka kwa macho kama anatafuta kitu. "Chupa haina mkono," akasema.

Chumba kizima kilipasuka. Gwakisa alicheka mpaka akashika pazia. Kelvin naye alicheka, na katika kucheka akamchukua ng'ombe wa plastiki, akamfunga uzi wa katani, akamvika Subilaga shingoni. "Anayekosea anavaa ng'ombe," alisema, "mpaka mwingine akosee." Ulikuwa utani. Ukawa kanuni.

Kwa kuwa kila sentensi yake ilihesabiwa kosa, ng'ombe alikaa kwake. Gwakisa hakuchoka. Kila asubuhi Subilaga akiingia na kutuamkia, "Mugonile," Gwakisa alijibu, "Jamani, mahari imefika! Baba wa binti ajitokeze." Mwanzoni Subilaga alimrudishia: "Ng'ombe mmoja? Kwenu Ikolo ndivyo mnavyooa?" Tukacheka upande wake siku hiyo. Lakini mtu huchoka kurudisha. Akawa anavaa tu, na mara nyingine alisahau kuvua. Alikwenda naye sokoni kununua vitumbua, na mama mmoja akamwuliza kwa heshima kama lile ni dhehebu jipya. Aliporudi kutuhadithia alikuwa akitabasamu, na mkono wake ulikuwa umemfunika yule ng'ombe kifuani, kama mtu anayeficha doa.

Mchana Bi. Zuhura alituletea chakula kwenye sinia. Babu zake walitoka pwani, na ingawa yeye alizaliwa Kyela, upishi wake ulibaki kule. Wali wa mchele wetu ulipikwa kwa nazi za kuletwa na basi, na samaki wa ziwa, mbasa, alipakwa vitu ambavyo mama zetu hawakuvijua. Aliweka sinia sakafuni na kutuangalia mmoja mmoja. "Nyie mwalifundisha chuma adabu," alisema siku moja, "na wenyewe hamna." Kelvin akacheka kwa aibu. Bi. Zuhura akakaa karibu na Subilaga. "Niambie, mwanangu. Ukiamka usingizini chumba cha ugenini, wajua milima iko wapi?"

"Najua, Bibi."

"Wajuaje?"

"Sijui najuaje. Iko tu."

"Basi mimi nami nina kibla. Popote utakaponiweka, hata gizani, nitakuonyesha. Na hapa kwetu, kibla changu na milima yako ni upande mmoja." Akamwongezea samaki. "Wewe ungekuwa Muislamu mzuri, tatizo ni huyo ng'ombe shingoni." Subilaga alicheka mpaka wali ukampalia. Ndiyo mara pekee ninayoikumbuka akicheka hivyo ndani ya nyumba ile.

Alihitaji ile kazi. Mama yake alikuwa amevimba miguu, hatembei, na dawa zake zilitoka kwenye mikono ya Subilaga peke yake; Mzee Lwitiko, mjomba, alikuwa na kakao na maneno, na alitoa zaidi maneno. Kwa hiyo Kelvin aliposema kwamba asiyejifunza ataachwa, Subilaga alijifunza. Walimfunga kitenge machoni, wakamzungusha, wakampigia kelele, "Kushoto kwa mti! Kulia kwa ng'ombe! Wewe, ng'ombe anaangalia wapi?" naye akipapasa, akijigonga kwenye pembe ya meza, na kila alipoanza neno "ziwa" mtu alipiga bati. Nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Ilichekesha. Watu hawapendi kusikia kwamba ukatili huchekesha, lakini bila hivyo nani angeufanya siku nzima?

Kabla ya Krismasi alikuwa amekuwa bora kuliko sisi sote. "Kikombe kiko kulia kwa chupa, mbele ya mti, ng'ombe yuko kati ya mti na kikombe." Alisema bila kupumua katikati. Kelvin alichezesha sauti yake kwenye spika kuwa mfano kwa wageni, na ng'ombe akahamia kwa Gwakisa, halafu kwangu, halafu akatundikwa kwenye msumari wa ukutani kwa kukosa mwenyewe. Nilimpongeza Subilaga tukiwa uani, tukisogeza kuku mbali na kakao. "Nkamu," akaniambia, akiniita ndugu kwa lugha ya kwetu, "Jumamosi nilipofika nyumbani, nilisimama mlangoni, mama akaniambia nimsogeze upande wa ziwa apate hewa. Nikalitafuta ziwa kichwani. Nikaikuta meza." Kisha likamrudia, alisema, baada ya muda. Lakini aliniangalia kwa macho ya mtu aliyeulizwa jina lake akachelewa kujibu.

Mvua za mwaka ule zilianza vibaya na kuendelea vibaya. Subilaga alikwenda kwao Pasaka, na asubuhi ya Jumatatu maji yakaja. Alipiga namba ya mradi, ile tuliyoifundisha wenyewe, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikituma boti. Boti ilitumwa. Waendeshaji walifuata walichoambiwa na simu zao: walivuka mto pale ulipokuwa siku zote, wakaingia mabua ya upande wa pili, wakaita, wakazunguka, wakaita. Huku nyumba ya matofali mabichi ililainika na kukaa chini. Waliporudi walimkuta Subilaga amekumbatia mchikichi, kanga ya mama yake imezungushwa kifuani mwake na fundo liko mbele. Alikuwa amejaribu kumbeba mama yake mgongoni kama mtoto. Fundo halikufunguka. Mama yake alichomoka chini yake.

Siku chache baadaye maji yalishuka, na mto, uliokuwa umejaribu njia mpya, ukarudi kwenye njia yake ya zamani kama mtu anayerudi nyumbani asubuhi akijifanya hakutoka. Ukaacha mstari wa mchanga kati ya kanisa na nyumba iliyoanguka. Lakini mchanga ulikuwa kila mahali. Watu waliokimbilia kanisani waliona bonde lote ni maji, hawakuona mkondo. Aliyejua mkondo ulipita wapi ni aliyekuwa ndani ya nyumba ile. Kwenye maziko ya mama yake, jeneza likiwa bado juu ya stuli, Mzee Lwitiko aliwasimamisha watu wa boti mbele ya watu wote. Lilikuwa kaburi la dada yake, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta mahali pa kuiweka mikono.

"Nani aliwatuma ng'ambo?"

"Simu, Mzee. Ilisema nyumba iko ng'ambo ya mto."

"Na simu, nani aliiambia?"

Subilaga akasema, "Mimi, Mjomba. Mto ulikuwa huku. Ulipita hapa." Akaonyesha mchanga.

Mzee Lwitiko hakuuangalia mchanga. "Mto uko kule," akasema. "Hata kipofu anausikia. Mama yako alikuwa huku, wewe ukasema ng'ambo. Basi, tangu leo wewe ndiye Ng'ambo." Na jina likamkaa. Watoto walilichukua siku ile ile, kabla udongo haujakauka. Mtu angedhani litakufa baada ya matanga. Nimelikuta jikoni mwezi uliopita, lingali na meno yake yote.

Alirudi kazini baada ya matanga. Hakuna aliyemtania, Gwakisa hata alimfutia kiti. Msimu ule kazi ilikuwa imebadilika, hatukukaa tena kwenye pazia. Tulikuwa tukisikiliza simu zilizopigwa wakati wa mafuriko zikashindikana, wawili wawili, na kwa kila simu kwenye kioo palikuwa na vitufe viwili: MSEMAJI KAKOSEA, MASHINE IMEKOSEA. Mmoja alichagua, wa pili akakubali au kukataa. Wakikataana, faili ilichezwa kwenye spika mbele ya chumba chote na Kelvin akaamua. Kompyuta ndiyo iliyogawa faili, na kompyuta haiangalii nani ameketi mbele yake. Siku ya nne au ya tano tangu arudi, Subilaga alibonyeza faili iliyofuata na nikasikia sauti yake mwenyewe masikioni mwangu.

Nilishika waya ili niuchomoe. Alinizuia mkono bila kunitazama. Akasikiliza mpaka mwisho, amenyooka, kama mwanafunzi anayesikiliza imla. Kisha akapeleka kishale kwenye kitufe cha kwanza, MSEMAJI KAKOSEA, akabonyeza, akaniachia zamu. Nilibonyeza NAKATAA. Sikuwa na lingine la kubonyeza. Kengele ndogo ya kutokubaliana ikalia, na Kelvin, aliyekuwa ameinamia simu yake, akasema bila kuinua kichwa, "Wamekataana? Weka spika," akanyoosha mkono kwenye kompyuta yake akaiweka mwenyewe.

Mvua ilijaa chumbani. Halafu ile sauti ya kike ya mashine, tulivu, iliyotengenezwa kwa sentensi zetu: "Karibu. Eleza ulipo."

"Bujonde. Tuko chini ya kanisa. Maji yameingia ndani, mama hawezi kutembea."

"Nimeelewa. Ukitoka kanisani, je, nyumba iko kabla ya mto, au ng'ambo ya mto?"

"Mto umehama."

"Samahani, sijaelewa. Je, nyumba iko kabla ya mto, au ng'ambo ya mto?"

"Mto umepita huku upande wa milima. Umehama! Umepita huku!"

"Samahani, sijaelewa."

Gwakisa alicheka. Mwaka mzima tulikuwa tumeicheka ile "samahani, sijaelewa", tulikuwa tukiiigiza tukiombana chumvi, na kicheko kilimtoka kabla masikio yake hayajafika kwenye sauti. Kikakatika katikati. Kelvin alikuwa na kidole juu ya kitufe cha kuzimisha na hakukibonyeza. Nadhani alikuwa ameganda. Kwenye spika palikuwa na maji yakigonga kitu cha mbao. Halafu ikasikika sauti ya mama mtu mzima, kwa Kinyakyusa, akimwambia mwanawe asimkaripie yule dada, amjibu vizuri alivyoulizwa, ndipo atakapowasaidia. Alidhani ni mtu.

Palipita kimya. Katika kimya kile mimi husikia mpaka leo mtu akijipanga. Amesimama ndani ya maji, anaacha milima, anaacha ziwa, anakwenda kwa akili yake mpaka kanisani, anageuka, anaangalia kutoka pale kama alivyofundishwa: kanisa, kisha mto, kisha nyumba. Na asubuhi ile, ukitoka kanisani, hivyo ndivyo ilivyokuwa.

"Ng'ambo," akasema Subilaga kwenye spika.

"Asante. Boti inakuja."

"Ndaga," mama yake akaishukuru mashine. "Ndaga fijo."

Faili ikaisha. Bi. Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na sinia mikononi. Sijui alifika saa ngapi. Kelvin alikohoa. Alisema kwa sauti ndogo kwamba timu ilikwenda kukagua, kwamba mto uko palepale ulipo kwenye mashine na nyumba ilikuwa upande wa huku, na kwamba vitufe ni viwili, hakuvitengeneza yeye. Alisema anaweza kuifuta faili kabisa, kama tunataka. Nikasema, "Alijibu kweli. Mto ulikuwa umehama." Akanijibu, "Naamini. Lakini mashine nayo iliunga sawa. Kwa ilichokuwa nacho, iliunga sawa." Alikuwa anasema kweli. Kila mtu katika chumba kile alisema kweli siku ile, hata mashine, na hapakuwa na kitufe cha hilo.

"Msiifute," Subilaga akasema. "Nimeshachagua. Msemaji kakosea." Akavua hedifoni, akaukunja waya vizuri. Akasimama, akaenda ukutani, akamtoa ng'ombe wa plastiki kwenye msumari, akamvaa shingoni. Akaurekebisha uzi nyuma ya shingo, chini ya nywele, kama mtu anayevaa mkufu kwenda kanisani. Kisha akarudi kukaa na kufungua faili iliyofuata. Bi. Zuhura aliweka sinia chini na kutoka, na siku ile hakuna aliyekula. Wali ulipoa ukashikana, kuku wakaja wakaumaliza.

Mradi ulifungwa kabla mwaka haujaisha. Kelvin aliondoka na kompyuta, pazia akamwachia Bi. Zuhura, ambaye hakulitundika popote. Nasikia ile mashine ilikua, ikaingizwa kwenye kitu kingine kikubwa zaidi, na sasa inaelewa vizuri tu. Mwanangu huiuliza simu yake njia na inamjibu kwa upole. Sijui kama imefundishwa kwamba mto huhama. Subilaga alirudi Bujonde, akalima mpunga wa watu, hakuolewa, akaitika jina lake jipya alipoitwa. Kila nilipokwenda kumwona tulizungumza habari za mpunga. Mara moja tu niliuliza kwa nini alibonyeza kile kitufe. Alikuwa akiosha miguu mlangoni. "Mashine mngeirekebisha," akasema. "Mimi nani angenirekebisha? Nilitaka tu mtu aseme kosa ni la nani, mambo yaishe." Hayakuisha. Aliugua kifua msimu uliopita, na ukoo ukasema ni mama yake anadai.

Jambo moja zaidi lilitokea katika miaka hiyo, na watu wa kule hawakulitilia maanani kwa kuwa kwao ni la kawaida. Mto ulihama. Safari hii haukurudi. Ulichukua ule mstari wa mchanga, kati ya kanisa na mahali ilipokuwa nyumba, ukachimba, ukatulia. Kiwanja cha mama yake, michikichi na kaburi sasa viko upande wa pili. Hata ukiuliza huko ni nchi gani, watu wanakohoa. Ndiyo sababu Subilaga hakuweza kuzikwa kwenye kiwanja chao. Walimchimbia kwa mjomba, upande wa kanisa, karibu na ukingo.

Wasifu ulisomwa. Haukutaja mwaka ule. Wachimbaji walikuwa wamepitisha kamba chini ya jeneza, wakasimama wakisubiri, kwa sababu hakuna aliyewaambia kichwa kikae wapi. Mchungaji, kijana, mgeni pale, alisema jambo la kibinadamu. "Marehemu alimpenda sana mama yake, nimeambiwa. Basi tumlaze akimwelekea. Mama amelala wapi?"

Wale wanawake wawili wa jikoni walikuwa mbele yangu, na mmoja alishika kanga mdomoni. Swali lilikuwa la Mzee Lwitiko na kila mtu alijua, hakuna mwingine ambaye angeweza kulijibu. Alikuwa amezeeka, akiegemea bega la mtu. Aliangalia maji. Yalikuwa yakipita pale, ya kahawia, yakisikika hata kwa kipofu. Aliyaangalia kwa muda mrefu mpaka mchungaji akadhani hakusikia, akauliza tena, kwa upole, pole pole, kama mashine: mama yake amelala wapi, upande huu wa mto, au?

"Ng'ambo," akasema Mzee Lwitiko.

Wakaligeuza jeneza.